Nyambizi ya Sentimita 31

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliopanda bodaboda kutoka Ukunda na Gazi kuja kumsikiliza mtu mzima na akili zake aliyekiri hadharani kwamba bado anachezea plastiki: ahsanteni. Chombo chenyewe ndicho hiki hapa mezani. Pokezaneni, lakini mkishike tumboni, msikishike mnara. Pale juu pana waya mwembamba kuliko unywele, na nimeshaurudisha mara mbili, mara moja kwa sababu ya paka.

Hii ni nyambizi ya Kijapani ya wakati wa Vita vya Pili, ya aina iliyoitwa B1. Wajapani waliunda 20 za namna hii, na vita vilipokwisha ilikuwa imebaki moja tu juu ya maji. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 108.7 na upana wa mita 9.3. Kipimo changu ni moja kwa 350, kwa hivyo urefu umeshuka hadi sentimita 31, yaani rula ya mtoto wa shule na ukucha mmoja juu yake. Baharia aliyesimama pale juu ya mnara angekuwa mfupi kuliko punje ya mchele. Tafadhali kaeni na hiyo punje ya mchele kichwani, tutaihitaji.

Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai ndiye aliyeniletea seti, imelala ndani ya boksi kubwa kuliko inavyostahili. Juu ya boksi imechorwa I-19, ile iliyoizamisha manowari ya Kimarekani ya kubebea ndege, Wasp, tarehe 15 Septemba 1942. Ni picha nzuri, mawimbi na moto. Lakini mimi ni mtu wa Msambweni. Wasp na mimi wapi na wapi? Nilitaka I-27.

Kabla sijawaambia kwa nini, niwape aibu yangu ya kwanza. Nilipomaliza kuunganisha gamba la kulia na la kushoto, nilikichukua chombo nikampelekea fundi mmoja wa mashua kule Gazi. Sikwenda kusahihishwa, nilikwenda kusifiwa. Mzee hakutazama mnara wala mzinga. Alikiinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akaanzia omo akaishia tezi, kisha akanirudishia.

“Mwanangu, chombo chako kimepinda kiuno.”

Akarudi kwenye kalafati yake. Nikasimama pale mchangani na rula yangu, nikaona kweli: katikati kimejinyonga kama ndizi, si sana, milimita mbili hivi. Milimita mbili kwa kipimo hiki ni sentimita 70 za chuma. Hakuna bandari duniani ambayo ingekiruhusu chombo kama hicho kiteremke majini.

Nayasema haya kwa sababu kijana akisikia “kuboresha modeli” huwaza kuongeza: kununua vipande vya shaba, mizinga ya kukereza, nanga mpya, mnyororo. Kumbe kazi ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma. Nilipasua mshono wote kwa wembe, nikayalaza magamba ndani ya karai la maji ya moto, si ya kuchemka, ya kiasi cha mkono kuvumilia kwa shida, kisha nikayabana juu ya kioo cha dirisha kilichonyooka hadi yakapoa. Halafu ndani nikatia mataruma, kama ya jahazi, niliyoyakata kwenye vifuniko vya ndoo za aiskrimu. Yamejificha humo tumboni, wala hamtayaona, nami sitaki myaone. Nilipokipeleka tena Gazi, mzee alikitazama vile vile, akanipa, hakusema kitu. Nikajua nimepasi.

Sasa, kwa nini I-27.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari ulitoka bandari ya Kilindini kuelekea Colombo. Ulilindwa na manowari kubwa Hawkins na mbili ndogo za mbio, Paladin na Petard. Moja ya zile tano iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha 301, vijana wa huku kwetu waliokuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani kule Burma. Palikuwa pia na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, I-27 chini ya nahodha Fukumura Toshiaki iliipiga kwa topedo mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Nendeni Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, mkaone majina yao kwenye ukumbusho. Askari wa kikosi kile walioandikwa pale ni zaidi ya 600. Mimi nilisimama nikasoma majina hadi askari wa lango akaja kuniuliza kama namtafuta mtu wangu. Nikamwambia hapana, nawahesabu tu.

Topedo ya nyambizi hii ilikuwa na unene wa sentimita 53 na urefu wa mita saba na kidogo. Gawanyeni kwa 350. Hii hapa, nimeichonga kutoka kwenye njiti ya kiberiti: nimeikata nusu, kisha nikaisugua kwa msasa hadi ikawa nyembamba kuliko njiti yenyewe. Zimo mbili ndani ya kifuko hiki. Nawaomba msizipige chafya.

Basi nikajiambia: ikiwa ninatengeneza I-27, naitengeneza ya saa ngapi? Hili ndilo swali ambalo mwenye duka la vipande vya shaba hatakuuliza. Seti zote za kuboreshea hukupa chombo kilichofunga bandarini siku ya sherehe. Zinakupa vikingio vya kamba sitahani, tangu omo hadi tezi; namba kubwa nyeupe ubavuni mwa mnara; ndege ndogo ikiwa juu ya reli yake, mabawa yamekunjuliwa. Vyote hivyo vilikuwako. Lakini vilikuwako lini? Nyambizi ikienda doria ya vita, vikingio hung'olewa vikawekwa, maana kila kijiti juu ya sitaha hupiga kelele majini na hupunguza mwendo. Namba hufutwa kwa rangi. Ndege, ambayo ilikuwa na mabawa ya mita 11, ilifunguliwa vipande ikaingizwa ndani ya banda la chuma lisiloingia maji, lile bomba refu mnaloliona mbele ya mnara. Ukiiona ndege nje juu ya reli, jua kwamba hakuna adui karibu na nahodha amelala vizuri.

Ile saa niliyoichagua mimi, chombo kiko chini ya maji, kimetoa periskopu peke yake. Kwa hivyo karatasi nzima ya shaba niliyoilipia fedha ambazo mke wangu hazijui hadi leo (na naomba asisome mhadhara huu utakapochapishwa) niliirudisha ndani ya bahasha. Nilitumia vipande vinne. Modeli yangu sasa ina vitu vichache kuliko ilivyotoka dukani, na nadhani ndiyo imekuwa bora.

Mtasema huyu anatafuta kisingizio cha macho mabovu. Sawa, hilo nalo lipo. Lakini fanyeni hesabu: bomba la kikingio lilikuwa na unene wa sentimita tatu hivi. Kwa kipimo chetu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Vikingio vya shaba vya dukani ni vinene mara mbili au tatu zaidi. Ukivigandisha, umemzungushia baharia wako, yule wa punje ya mchele, ua wa magogo ya mwambao. Hapo bora kusiwe na kitu kuliko kuwe na kitu kinene.

Ambacho hakina budi kuwapo ni matundu.

Hebu shikeni chombo mtazame ubavu wake, chini kidogo ya sitaha. Mnaona safu ya vijitundu vya mraba? Nyambizi za zamani zilikuwa na mwili wa ndani, mnene na wa mviringo, unaohimili shinikizo la bahari. Na juu yake vazi la bati jepesi lililoipa umbo la meli. Kati ya vazi na mwili maji huingia na kutoka. Yasipoingia haraka, chombo hakizami, kinaelea juu kama nazi huku ndege ya adui inakuja. Yasipotoka, kikiibuka kinakuwa kizito. Kwa hivyo matundu haya si urembo, ndiyo pumzi yake. Seti hukupa vishimo vya kina cha ukucha, na ukivipaka rangi nyeusi hudanganya jicho kutoka mbali. Karibu havidanganyi mtu.

Namna ya kuvifungua ni hii. Usitoboe kutoka nje, utaharibu kingo. Geuza gamba, lisugue kwa ndani, msasa juu ya kidole, maji kidogo ili vumbi lisiruke. Sugua, sugua, kila baada ya muda liinue dhidi ya taa. Mwanzo ni giza tupu. Kisha plastiki huanza kuwa kama ngozi ya kitunguu, taa ikapita kwa rangi ya chungwa; kisha ghafla tundu moja linafunguka, na la jirani yake, na mengine, kama madirisha ya nyumba zinazowashwa taa jioni. Mimi hapo husimamisha kazi nikaita watu waje kuona. Ukingo wa tundu husafishwa kwa ncha ya wembe. Ubavu wa kulia ulinichukua wiki tatu, jioni baada ya jioni, baada ya isha.

Waya wa juu ya mnara haununuliwi. Chukueni kile kijiti cha plastiki kinachobaki baada ya kung'oa vipande, mkishike ncha mbili, mkizungushe juu ya mshumaa, si ndani ya moto, juu yake. Kikianza kung'aa na kulegea, kitoeni motoni ndipo mvute. Kuvuta kikiwa bado motoni ndilo kosa la kila anayeanza. Kinakatika na kukuchoma. Vuta pole pole utapata uzi mnene, vuta kwa haraka utapata uzi kama wa buibui. Mkono ndio unaojifunza, haiandikiki. Ukishaganda kwa tone la gundi, usogezee kijiti cha ubani chenye moto, kisiguse, joto tu. Uzi unajikaza wenyewe. Watu wa Ulaya hutumia chuma cha kulehemu nyaya. Mimi na ubani wangu chumba kinanukia.

Nikija kwenye rangi, hapa Kwale tuna la kujivunia. Kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wa kule juu, bara ya Msambweni, ulichimbwa, ukachujwa, ukapelekwa Likoni na kupakiwa melini. Ndani yake mlikuwa na ilimenaiti na rutaili, na hayo ndiyo madini yanayotoa titani, na titani ndiyo inayotia weupe kwenye karibu kila rangi nyeupe ya dunia ya leo, ya ukuta, ya dawa ya meno, ya modeli. Kila nikikamua tone jeupe ndani ya kikombe kuikata nyeusi, huwaza kwamba huenda punje hizi zilitoka shambani kwa jirani, zikazunguka dunia, zikarudi ndani ya kichupa cha ujazo wa kijiko, kwa bei ambayo jirani hakulipwa kwa gunia. Hilo tuliache, si mada ya leo.

Nyeusi ni lazima ikatwe. Nyambizi hizi zilipakwa nyeusi au kijivu kilichokoza, na chini ya mstari wa maji nyekundu ya kutu. Lakini kitu kikubwa ukikitazama kutoka mbali hupauka, hewa inaingia kati yako na chenyewe. Tazameni mlima wa Shimba kutoka ufukweni: msitu ule ni kijani, lakini sisi tunauona wa buluu. Modeli ya sentimita 31 unayoishika mkononi ni sawa na chombo cha kweli kilicho mita zaidi ya mia mbali nawe. Ukiipaka nyeusi ya kopo, kila kitu ulichokitolea jasho kinamezwa. Matundu yangu ya wiki tatu yangepotea. Mimi hutia nyeupe hadi iwe kama mkaa uliokwisha kuwaka, kabla haujawa jivu.

Msimu nao una neno. Kusi ikivuma na mvua za Mei, rangi ya kupulizia hukamata unyevu ikatoa ukungu mweupe juu ya plastiki. Nimeharibu mnara mzima hivyo. Rangi napulizia wakati wa kaskazi, asubuhi, umande ukishakauka.

Kutu je? Hapo ndipo wengi hulewa. Kuna ufundi wa chumvi: unapaka rangi ya kutu kwanza, unalowesha, unanyunyiza chumvi, inakauka ikishikilia, unapulizia rangi ya juu, kisha unaipukusa chumvi kwa brashi, na penye chumvi kutu inachungulia. Unapendeza mno. Lakini chembe ya chumvi ya mawe ya milimita moja ni bandiko la sentimita 35 la kutu. Hata ya mezani, theluthi ya milimita, ni upana wa kiganja. Mimi niliitwanga kwenye kinu cha viungo hadi ikawa unga, na bado nilitumia ile iliyobaki kwenye ncha ya kidole tu. Maji hutoka matunduni yakiteremka wima, kwa hivyo michirizi yote iteremke wima, kutoka tunduni, mirefu na hafifu. Kutu inayokwenda ovyo ni ya gari bovu la gereji.

Wazamiaji wa Diani wanaoshuka kwenye Alpha Funguo, boti iliyozamishwa makusudi iwe makao ya samaki, watakwambieni bahari inavyokula chombo. Vyembamba ndivyo hutangulia: waya, vikingio, ngazi. Mabati yanafuata. Kiunzi ndicho cha mwisho. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana ni utaratibu wangu ule ule kinyumenyume.

Kuna mabawa ya kuzamia, haya mapezi. Sehemu hii sikuipunguza hata kidogo, ila niliisaga ncha zake, kwa sababu dukani ilikuja na unene wa milimita moja, kama ukuta wa nyumba. Baada ya Khedive Ismail kuzama, I-27 ilijificha chini, pale pale waogeleaji walipokuwa. Petard ilidondosha mabomu ya kina huku watu bado wamo majini. Sitaki kulieleza hilo zaidi ya hivyo. Nyambizi ilipolazimika kuibuka, Paladin ilikwenda kuigonga, ikaambiwa iache, ikageuza kwa kuchelewa. Pezi la nyambizi likaichana ubavu kama kopo la maziwa. Mwisho Petard ilifyatua topedo, moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyopiga. Nilisoma habari hiyo usiku, na asubuhi nilichukua mapezi yangu mazito nikayasaga upya.

Kijana mmoja wa hapa aliniuliza: kwa nini umtengenezee adui chombo kizuri hivi, badala ya kutengeneza Khedive Ismail? Ni swali la haki. Seti ya Khedive Ismail dukani sijaiona, ingebidi nianze na mbao na karatasi, na nimeanza. Lakini pia nadhani kwetu pwani tunasimulia vita vile kama jambo lililopita mbali, Ulaya huko. Haikuwa hivyo. Mei 1942 ndugu wa chombo hiki, I-30, wa aina hii hii ya B1, alirusha ndege yake ndogo ikapita juu ya Unguja na Dar es Salaam, kisha akasogea akaichungulia Mombasa kwa periskopu. Mnafahamu maana yake? Aliona minazi yetu. Mwaka ule ule, ndani ya shule ya Allidina Visram pale Mombasa, Waingereza waliweka wataalamu wa kufungua siri za redio za Kijapani, na ilipofika Novemba walikuwa wameivunja mojawapo, ile ya meli za mizigo, kwa sababu karani fulani wa Kijapani alituma ujumbe ule ule mara mbili akiwa ameongeza jambo dogo. Jambo dogo tu. Na chombo kilichochungulia bandari kilikuwa na jicho la kioo juu ya mlingoti mwembamba, huu hapa, sindano ya kushonea niliyoikata na kuifanya laini kwa jiwe. Ndicho kitu pekee ambacho mtu wa Kilindini angeweza kukiona, lau angebahatika kutazama upande huo.

Kuhusu kibao cha kuwekea, nimeamua kisiwe na maji ya kuigiza wala mawimbi ya gundi. Ni ubao wa mkoko kutoka Gazi, uliokauka kwa njia ya halali, na vijiti viwili vya shaba vya kukishikilia chombo juu yake. Zile nusu mbili za njiti zitakaa mbele ya omo, zimetangulia kwa sentimita kumi hivi. Ubavuni mwa ubao nitaandika tarehe na namba mbili, 1,297 na 214.

Bado haijaisha, mmeiona. Ukiigeuza, ubavu wa kushoto matundu yake bado ni vishimo. Gamba lile nililibandika kwa gundi hafifu makusudi, linabanduka. Msasa uko kwenye bahasha ile, namba 400 na namba 1000, taa ninayo, na maji yamo kwenye kikombe. Mwenye macho mazuri na asubiri hapa mbele wengine wakienda kunywa chai.